Hulipi Mpaka Iwake

Saa tatu na robo asubuhi, mlango wa chuma wa duka ulikuwa umepandishwa nusu, na mteja wa kwanza alikuwa ameshaikataa kadi ya picha ya kompyuta iliyo bora kuliko zote rafuni.

Mteja huyo alikuwa binti wa miaka kama ishirini. Nyuma yake alisimama baba yake, mhasibu mstaafu, ameishika pochi kwa mikono miwili kama aliyebeba yai. Mwenye duka alikuwa akiitwa Tabibu na mtaa mzima, kwa sababu aliweza kuipasua kompyuta na kuitoa viungo vyote kabla chai haijapoa.

"Hii haina hata mkwaruzo," alisema Tabibu. "Na bei ni ileile. Unaikatalia nini?"

"Naitaka ile." Binti alielekeza kidole rafu ya chini. Kadi ya huko ilikuwa na feni ambayo bawa lake moja lilivunjika, likaungwa kwa gundi.

"Ile mgonjwa, dada."

"Inazunguka?"

"Inazunguka, lakini inalia."

"Basi punguza bei."

Tabibu alimgeukia baba mtu. "Mzee wangu, umezaa mfanyabiashara."

"Nimezaa mbishi," alisema Mzee. "Punguza."

Tabibu akapunguza.

Jumamosi kulikuwa na fainali ya mashindano ya gemu. Timu ya binti ilikuwa ya watu watano, kila mmoja na mashine yake. Nahodha alikuwa amempa mpaka Ijumaa jioni: asipokuwa na kompyuta, nafasi yake inakwenda kwa mchezaji wa akiba. Leo ilikuwa Alhamisi. Pochini mlikuwa na nusu ya bei ya mashine mpya, na Mzee alikuwa amelitamka jambo hilo mara mbili tangu aingie, lisije likasahaulika.

"Kwani siku zote ulikuwa unachezea nini?" Tabibu aliuliza, akivuta droo.

"Nilikuwa na mashine."

"Ikawaje?"

"Sina tena."

"Ndiyo dunia," alisema Tabibu. "Hata mimi nilikuwa na nywele."

Alimpangia ramu mbili, vile vijiti vya kumbukumbu, za kufanana juu ya kaunta. Binti hakuzigusa. Alichakura droo mwenyewe, akatoa moja ya kijani na moja nyeusi.

"Hizo si ndugu. Nyeusi ina kasi zaidi. Ukiziweka pamoja, itabidi imsubiri mwenzake."

"Najua. Imsubiri tu."

Bodi kuu zilikuwa nne, za aina moja. Alizigeuza zote, akazikagua migongo, akachukua ya tatu na prosesa yake juu yake.

"Huko mgongoni unatafuta nini?"

"Kutu."

"Umeiona?"

"Kidogo."

"Na bado unaichukua?"

"Kidogo hakiui."

Tabibu alicheka mpaka akajishika kiuno. Katika miaka yote ya kuuza vipuri alikuwa ameona wateja wa kila aina: wanaotaka taa za rangi saba, wanaotaka jina kubwa kwenye boksi, wanaotaka cha bure. Wa kutaka vibovu kwa kuvichagua alikuwa hajamwona. Lakini mteja ni mteja, na vile vilikuwa vimekaa rafuni bila kuulizwa na mtu.

Kwenye kasha mambo yakawa yaleyale. Yalikuwepo ya vioo, mapya. Binti alitaka la chuma lililobonyea kona, ambalo Tabibu alikuwa ameligeuza meza ya birika. Ilibidi birika liwekwe sakafuni.

"Bidhaa zako unazitoa wapi?" Mzee aliuliza, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda.

"Nje, mzee wangu. Ofisi za wakubwa. Wakibadilisha mashine, mzigo unapakiwa huko, unashukia hapa. Cha mtaani sikigusi."

"Hata kimoja?"

"Hata skrubu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole.

Mwisho ilikuwa diski. Tabibu alimtolea mpya kwa bei ya chini, kwa huruma tu. Binti akaiacha, akachagua iliyotumika, yenye kibandiko kilichobanduliwa vibaya.

"Haya. Mgonjwa wako, kaburi lako," alisema Tabibu, akashika bisibisi.

Kazi aliijua, hilo halina ubishi. Bodi ilikaa kwenye kasha bila kusukumwa, kila skrubu ikapata tundu lake, waya zikafika zilikotakiwa kufika bila kubaki wala kupungua.

"Ajabu," alisema, akijifuta jasho. "Nilidhani vitagombana."

Mzee alifungua pochi. Tabibu aliinua kiganja kumzuia, akaonyesha ukutani, palipoandikwa kwa rangi nyekundu: HULIPI MPAKA IWAKE.

"Rudisha kwanza, mzee wangu. Hapa hatuibiani."

Mzee akairudisha mfukoni.

Tabibu aliunganisha kioo na kibodi vya duka, akachomeka waya, akabonyeza swichi. Feni ililia, ikatulia. Kioo kikapata mwanga, kikadai neno la siri.

"Aa, samahani. Hii diski ni ya bosi fulani huko nje, nilisahau kuifuta. Nipe dakika mbili."

"Usihangaike, kaka," alisema binti.

Alivuta kibodi, akaandika bila kutazama vidole, akabonyeza.

Kioo kikajaa picha ya Mzee, amelala kwenye kochi, mdomo wazi.