Wasoma Mita wa Mkurugenzi

Kinyozi aliinamia mita ya maji iliyowekwa mezani, akakunja uso, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Saa nne kasoro."

Mkurugenzi, aliyesimama dirishani na kikombe cha chai, nusura ajimwagie. Alikuwa amemlipa kinyozi wake huyo ajifanye msoma mita kwa asubuhi moja. Alimfundisha jina la kuitikia, mtaa anaouzungukia, hata mbwa mkali wa mtaa huo anafungwa nyumba ipi. Kusoma mita yenyewe hakumfundisha, kwa kuwa na yeye hakujua.

Ndivyo ilivyokuwa ofisi ya maji ya mji ule. Bomba la chooni lilikoroma bila kutoa tone, na orodha ya mishahara ilijaa wasoma mita ambao hawakuwahi kuzaliwa. Mishahara ya watumishi hewa hao ilimjengea Mkurugenzi ghorofa na kumnunulia gari lenye viti vya ngozi. Akina mama wa mjini walinunua maji kwa ndoo, na mwisho wa mwezi wakaletewa bili ya upepo.

Sasa wakaguzi wa serikali walikuwa wamefika, wakataka kila mtumishi aje kwa miguu yake mwenyewe, aitike jina lake mbele yao. Mkurugenzi hakutetereka. Kama shida ni watu, watu si wapo? Akakusanya wapwa zake, mashemeji zake na kinyozi, akawavika makoti ya ofisi. Akipita hapo, atastaafu kwa heshima na ghorofa lake. Akinaswa, ni jela, na ghorofa linataifishwa.

Mkaguzi mkuu alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto.

"Asante, baba," alimwambia kinyozi. "Nenda ukakae na wenzako kule chumbani."

Hakuandika kitu. Akaitwa shemeji. Shemeji aliigeuza mita chini juu, akaitikisa, akaitegea sikio.

"Inafanya kazi," akasema.

"Asante, baba. Kakae na wenzako."

Mkurugenzi akashusha pumzi. Kumbe ndiye huyu waliyetishwa naye? Mama wa watu, hata angeuziwa mbuzi kwenye gunia angesema asante. Akamdharau kwa moyo wake wote, akajiongezea sukari.

Chai ya pili haikuisha. Mkaguzi aliingia ofisini kwa Mkurugenzi, akarudishia mlango, akavuta kiti cha wageni.

"Mzee, wale ndugu zako wamekiri," alisema. "Kinyozi alianza kabla hatujamuuliza. Analalamika kwamba hata nywele za mwezi uliopita hujamlipa."

Ghorofa lilimpita Mkurugenzi machoni, na vigae vyake. Lakini hakuwa mtoto wa jana. Siku kama hii alishaiandalia mtu wa kuibeba.

"Mama, kikulacho ki nguoni mwako," alisema kwa huzuni ya kuigiza. "Mishahara ni kazi ya mhasibu. Mimi nimeletewa tu hao watu, nikaamini. Unaona mwenyewe, kaomba likizo ghafla, hata simu yake haipatikani."

"Wewe mishahara huigusi?"

"Siigusi. Hata wangu siujui sura yake. Kadi ya benki nilimwachia mke wangu miaka mingi iliyopita, anunulie mboga. Mpigie umuulize, ingawa kasafiri, yuko kwa dada yake."

Na katika maneno yote aliyosema siku hiyo, hayo ya mshahara wake ndiyo yalikuwa ya kweli. Kwa mtu anayekula mishahara ya kikosi kizima, kuulizia mshahara wake mmoja ni kujishusha. Hakuwahi hata kuangalia kama umeingia.

Mkaguzi akatikisa kichwa taratibu. "Wasoma mita tumewakuta hapa hapa, mzee. Hawakutuleta wao."

"Kilichowaleta ni nini, basi?"

"Marehemu. Kuna mtumishi mmoja wa ofisi hii alifariki mwaka juzi. Mke wake akapeleka cheti cha kifo, mhasibu wenu akathibitisha, mshahara ukasimamishwa, mjane akalipwa mafao yote. Tatizo ni kwamba marehemu bado anasaini hundi."

Mkurugenzi alihisi joto likimrudia mwilini. Kumbe humu ndani kulikuwa na mwizi mwingine, na mkubwa kuliko yeye. Mungu hamtupi mja wake. Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akapiga meza kwa kiganja.

"Mama, haya ndiyo yanayoiua nchi. Maiti hasaini. Anayesaini ni jambazi aliyevaa jina la mtu, anakula jasho la mlipa kodi. Mfungeni, na mahakamani nitakuja mimi mwenyewe kutoa ushahidi. Hebu nitajie, ni nani?"

Mkaguzi akamtajia. Lilikuwa jina la Mkurugenzi, likafuata la baba yake, likafuata la babu yake.

Mkurugenzi akakaa. 

"Kule ofisi ya mafao bado wanamkumbuka mjane wako," mkaguzi akasema, kwa sauti ile ile ya kubembeleza. "Wanasema alilia sana, maskini. Ilibidi mhasibu wako amkumbatie mpaka nje."