Tasa Hata Ikikatwa Mkia

Mwalimu aliingia akihema, amechelewa usaili kwa dakika mbili, akawakuta wanaume watatu wameketi kimya nyuma ya meza ndefu. Suti tatu, tai tatu, na nyuso za watu wasiopenda kupotezewa muda. Ubaoni palikuwa na namba moja tu: 73,939,133.

"Shikamooni," alisema. "Samahanini sana. Nianze na hii?"

Watatu wakatazamana. Mwenye miwani akakohoa kidogo.

"Marahaba, dada. Anza."

Miaka kumi na moja alikuwa amefundisha hesabu kwa mkataba wa muda, miezi mitatu mitatu, kila muhula akijiuliza kama ataitwa tena. Sasa chuo kilikuwa na nafasi ya kudumu, moja tu, na ikimponyoka hiyo, basi tena. Lakini ona bahati ya mtende kuota jangwani: namba hii aliijua kama anavyowajua wanawe.

"Hii ni namba tasa," alisema, akachukua chaki. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wengi wakiona hizi tatu tatu hukimbilia kuigawa kwa tatu. Jumlisheni tarakimu zake: thelathini na nane. Tatu haiingii."

"Ehe," alisema mwenye upara, akiandika mbiombio.

"Utamu wenyewe uko hapa. Kateni tarakimu ya mwisho: 7,393,913. Tasa. Kateni tena: 739,391. Tasa. Mtakata mpaka ibaki saba peke yake, na kila hatua ni tasa. Katika namba zote zenye tabia hii, hakuna kubwa kuliko hii."

"Hapo rudia polepole," alisema wa tatu, kibonge aliyepakata mkoba.

Mwalimu akarudia. Alifurahi, jamani. Alizoea wakubwa wanaosinzia hesabu ikitajwa. Hawa walikuwa wanameza kila neno. Akaongeza kwamba ukiigawa kwa nne inabaki moja, na kwamba tasa ya namna hiyo lazima iwe jumla ya namba mbili za mraba.

"Mraba una pembe ngapi vile?" aliuliza kibonge.

Mtego huo. Wasaili ndivyo walivyo, hukuchokoza waone kama utawadharau. Akajibu kwa adabu kwamba ni nne, na kibonge akaandika nne.

Hata vyeti hawakumwomba. Chema chajiuza, alijisemea, akafuta chaki mikononi.

"Umetufungua macho, mwalimu," alisema mwenye miwani, na kweli alionekana kuguswa.

Mlango ukafunguliwa. Karani akachungulia, orodha mkononi.

"Kamati iko tayari chumba cha pili," alisema. "Swali ni hiyo namba mliyoikuta ubaoni, kila mtu ataieleza awezavyo. Mtaingia mmoja mmoja, kufuatana na mlivyotangulia kufika. Mama, wewe utakuwa wa mwisho."

Mwenye miwani alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Tuombee, dada," alisema.