Mpira wa Kurudisha

Fundi Mbwiga alichora kwa chaki kwenye sakafu ya baraza ya Bi Mwanahawa: tangi la gari kuukuu, injini, na mistari miwili ya kuviunganisha.

"Tukitoa kabureta tukaweka nozeli za kunyunyizia, pampu itasukuma mafuta mengi. Mpira huu unayapeleka, huu wa pili unarudisha yanayobaki. Tangi lazima nilimwage kwanza, ndipo nilitoboe tundu la huu wa kurudisha."

"Usiyamwage," alisema Bi Mwanahawa.

"Yameshaharibika, mama. Yananuka."

"Aliyajaza mume wangu. Akaliegesha gari hapo mlangoni, akaniambia narudi sasa hivi."

"Lini hiyo?"

"Huu mwaka wa nne."

Fundi aliisogeza ndoo chini ya tangi, akamngojea.

Bi Mwanahawa alivua kiatu. Taratibu, kwa kidole gumba cha mguu, akaanza kuufuta ule mstari wa chaki wa kurudi.