Pini Nyeusi

Kitambaa kilinasa.

Nilikuwa nafuta pini inayoshikilia kichwa cha mashine ya kukandamiza mabati. Imepakwa utando mweusi wa kaboni, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, mgumu kuliko chuma chenyewe. Kwa kawaida kitambaa huteleza juu yake kama juu ya kioo.

Nikainama. Utando ule haujui kupinda. Chuma cha ndani kikibonyea, wenyewe hupasuka, na sasa ulikuwa na nyufa za duara, moja ndani ya nyingine. Pini ikikatika, kichwa chote kinashuka.

Kaka yangu alikuwa amelala chini yake, akichomoa bati lililokwama.

"Kaka, toka." Sauti yangu haikufika hata kwenye meno.

"Kumbe bubu wetu ana ulimi!" Fundi mkuu akapiga makofi. "Rudia, dada, hatujasikia."

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Kaka naye akacheka, kule chini. "Ngoja nimalize, mdogo wangu."

Nikajaza kifua hewa nipige ukelele. Mbele ya vidole vyangu ufa mmoja ukatembea taratibu, ukaizunguka pini, ukakutana na mwanzo wake.

Kaka alikuwa bado anacheka.