Vidole vya Mganga Mkuu

"Bonyeza, Daktari. Haking'ati."

Mganga Mkuu alibonyeza vidole vyake vitano vinene juu ya kisahani cha rojo la kuoteshea vimelea, vidole vya mtu aliyezoea kuwanyooshea wenzake, kisha akavifuta kwenye koti kana kwamba ameshika chura.

"Mchafu ni mfagiaji, mnakuja kunisumbua mimi."

"Tutaona Ijumaa," alijibu fundi wa maabara, akaandika cheo cha bosi kwenye kisahani kwa herufi kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Ndani ya mwezi mmoja, sampuli za vidonda vya wagonjwa saba wa wodi ya upasuaji zilikuwa zimeota kuvu ya kijani. Wagonjwa wenyewe walikula, walicheka, walidai kurudi kwao; lakini karatasi ya maabara imesema kuvu, nani abishane na karatasi? Wakabaki vitandani wakimezeshwa dawa za kutapisha hata mbuzi.

Mganga Mkuu hakutafuta mbali. Ufagio ndio unaotimua vumbi, basi mwenye ufagio aende. Na mwenye ufagio alikuwa shangazi yake fundi, miaka ishirini na miwili kwenye korido zile, bado miwili tu astaafu.

Fundi hakuwa mtu wa kusahau. Mwaka ule hospitali nzima ilipoharisha, walifukuzwa wapishi wawili. Panya alipokuja kuopolewa kwenye tangi la maji, hakuna aliyewaita warudi. Uchafu hapa hutafutwa miguuni siku zote, kichwani hapaguswi. Safari hii patapekuliwa mpaka utosini. Akachukua alama za vidole za wodi nzima.

Ijumaa asubuhi alikitoa kisahani cha bosi kwanza. Madoa ya kijani, yamenona! Alinasa kidogo kwa utepe wa gundi, akatia tone la rangi ya buluu, akainamia hadubini. Vifagio vidogo vidogo vya kuvu vimesimama wima, vile vile vya wale wagonjwa saba.

"Nimekushika, mzee mzima."

Akachukua cha shangazi. Madoa yale yale.

Alitazama mlango, akakitumbukiza kwenye pipa la taka za kuchomwa. Wakubwa wameficha makubwa kuliko hayo. Vilivyobaki hakuvisoma, saa nne ilikuwa imegonga, akabeba sinia lote mbio mpaka kwenye kikao cha kumfukuza shangazi.

Kisahani cha bosi kilizunguka meza, kifuniko kimebanwa kwa plasta. Muuguzi mkuu alijikohoza kuficha kicheko.

"Huu ni uzushi!" alifoka Mganga Mkuu.

"Kuvu haijui cheo, Daktari. Ungenawa."

Watu walicheka wazi sasa. Mganga Mkuu aliiangalia barua ya kumfukuza mfagiaji iliyokuwa mbele yake, akaikunja mara mbili, akaisokomeza mfukoni. Fundi alihisi miaka yote ile ya kumeza mate ikimtoka kifuani.

Shangazi, aliyekalia ncha ya kiti karibu na mlango, hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye sinia.

"Na hicho cha mwisho ni cha nani, mwanangu?"

"Hicho si cha mtu, shangazi." Fundi alipaza sauti, bosi asije akasema hakusikia. "Hicho hakijaguswa na kidole cha yeyote. Rojo nimelipika mwenyewe, sufuria moja na la wagonjwa wote wa mwezi huu, nikakifunga mwenyewe siku hiyo hiyo. Ndicho tunachopimia usafi wa vingine."

Shangazi alivaa miwani, akakiinamia kama anavyoinamia sakafu.

"Basi mbona ndicho kichafu kuliko vyote?"