Vijiti vya Kumbikumbi

Nilikuta kanga mpya kitandani na mche mzima wa sabuni. Mwaka ule maduka ya Bunda yalikuwa na rafu tu.

"Umepata wapi?" nilimuuliza mume wangu, Burito.

Alinielekeza nje kwa kidevu. Nikachungulia dirishani. Ngozi mbili za bweha masikio zilikuwa zimewambwa ukutani, na yale masikio mapana bado yamesimama, kama yanasikiliza.

Niliwajua. Kila nilipogonga kichuguu kwa vijiti vyangu, ili kumbikumbi wadhani ni mvua watoke, bweha hao nao walikujaga kula pembeni yangu. Siri hiyo nilimwambia yeye tu.

Vijiti vyangu alikuwa navyo mkononi, vina damu.

"Amebaki jike," alisema. "Mimi nikigonga haji. Wewe anakujuaga. Twende ukagonge, mama. Mnunuzi wa ngozi anarudi kesho na sukari."

Watoto hawakuwa wameonja sukari tangu Pasaka. Nikavipokea vijiti.

Kichuguuni niligonga ovyo ovyo makusudi, kama mtu asiyejua kugonga.

Hata hivyo masikio mawili yaliinuka nyasini, yakaanza kuja.