Maombi ya Beberu Yalivyojibiwa

Mtama wa shamba la kanisa ulipokomaa, Mzee Beberu, mpenda mikutano, aliwakusanya wanyama wote kanisani wafunge na kumwomba Bwana wa mavuno alete watenda kazi.

Kanga, mjane mwenye vifaranga, alifika mlangoni na kapu lake mgongoni.

"Bwana asifiwe, Mzee. Mtama unapukutika. Nipe hata wawili tu tukavune."

"Dada Kanga, hapa tuko vitani," Beberu alimjibu bila kufumbua macho. "Wewe unawaza tumbo tu. Ingia upige magoti."

"Mdomo wangu unatoka damu, Mzee. Nimevuna peke yangu tangu asubuhi."

"Amina!" wakaitikia wote, wakaendelea kuimba.

Kanga akarudi shambani.

Siku ya tatu, katikati ya sala, kundi la kweleakwelea lilitanda kama wingu, likatua juu ya mtama. Beberu alitoka mbio, ndevu zikipepea.

"Nani kawaita?"

"Si ninyi?" kweleakwelea mmoja alijibu, mdomo umejaa. "Tangu juzi mnatangaza kwenye spika kwamba shamba limeiva na hakuna wa kuvuna."

Jioni yalibaki mabua matupu.

Jumapili Beberu alipanda mimbarini. Alisema laana imeletwa na Kanga kwa kukosa maombi, akaagiza kapu lake la mtama lipelekwe madhabahuni kuwa malimbuko, kisha akatangaza mfungo mwingine.

Safari hii hakuna aliyehitaji kuhimizwa.